Demokrasia huanza kuoza pale ambapo hakuna tena anayeweza kumudu kushindwa

Wakuu, salaam.

Uzi huu nimeubeba moyoni muda mrefu, leo naushusha. Ni mrefu, kwa hiyo mwenye haraka auweke pembeni ausome akitulia.

Kila demokrasia inapoporomoka tunasikia maelezo yaleyale: wananchi ni wajinga, viongozi wana uchu, wageni wameingilia kati. Kila moja lina ukweli wake, lakini hakuna linalonitosheleza. Wajinga walikuwepo tangu siku ya kwanza, na wenye uchu pia. Sasa mbona mfumo uleule unasimama miaka 50, mwingine miaka 200, halafu ndiyo unaanza kulegea? Katikati hapo nini kimebadilika?

Waswahili tuna msemo kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Tunautumia sana kwenye mpira. Ila msemo huu unamlaumu mtu, haumuulizi akishindwa atapoteza nini. Akipoteza kombe, ataumia wiki moja. Akipoteza mali, uhuru na pengine roho, hatakubali hata umpigie magoti. Hapo ndipo ulipo msimamo wangu: demokrasia huchakaa kwa kadiri gharama ya kushindwa inavyopanda, na kwa kawaida hupanda taratibu, mikononi mwa watu wengi, ambao kila mmoja anaamini alikuwa na sababu nzuri.

Nitoe kisa kimoja changu. Nikiwa kijana niliwahi kuwa wakala wa chama kwenye kituo cha kupigia kura. Kura zilihesabiwa usiku kwa taa ya chemli. Msimamizi aliinua karatasi moja moja, akaigeuza upande huu na huu ili kila wakala aone, na msaidizi wake akachora vijiti vitano vitano ubaoni. Pembeni yangu alikaa wakala wa chama kingine, mwalimu mstaafu, akihesabu kwa midomo bila kutoa sauti. Mgombea wake alishindwa. Yule mzee akaisoma fomu ya matokeo mstari kwa mstari, akaomba tarakimu moja iandikwe upya kwa kuwa haikusomeka vizuri, akasaini. Kalamu alikuwa ameiazima kwangu. Akanirudishia, akasema, "Haya mwanangu, tutaonana uchaguzi ujao," akaenda zake kulala.

Kwa miaka mingi nilidhani alisaini kwa sababu ya ustaarabu wake. Siku hizi nafikiri zaidi juu ya mambo aliyokuwa na uhakika nayo usiku ule. Pensheni yake itaingia. Mwanawe hatafukuzwa kazi. Hakuna atakayekuja kumgongea mlango saa nane za usiku. Ondoa hayo matatu, halafu mpe mzee yuleyule fomu ileile.

Tuanze na Roma, maana hakuna jamhuri ya kale iliyotuachia kumbukumbu nyingi za kuanguka kwake kama ile. (Najua haikuwa demokrasia kamili, wanawake na watumwa hawakupiga kura. Lakini vyeo viligombewa kila mwaka, na kwa karne nyingi walioshindwa walirudi nyumbani kwao.)

Mwaka 133 KK, Tiberius Gracchus, aliyekuwa na cheo cha kuwatetea watu wa kawaida, alileta sheria ya kugawa ardhi ya umma ambayo matajiri walikuwa wamejilimbikizia. Mwenzake wa cheo hichohicho, Octavius, akaipinga kwa kura yake ya turufu. Tiberius akaitisha kura ya wananchi, Octavius akavuliwa cheo. Jambo hilo halikuwa limewahi kufanyika. Kisha Tiberius akataka kugombea tena mwaka uliofuata, kinyume na mazoea. Alikuwa na sababu: akiwa na cheo, sheria ilimlinda mwili wake usiguswe. Akikiacha, maadui wake wangemshtaki. Maseneta wakatoka kikaoni wakiwa na marungu na vipande vya mabenchi yaliyovunjika, wakamuua pamoja na wafuasi wake takriban 300, na maiti zikatupwa mtoni Tiber.

Angalieni hesabu ya siku ile. Upande mmoja ulijifunza kwamba mwenzako akikuzuia unaweza kumng'oa. Upande wa pili ulijifunza kwamba mpinzani akikutisha unaweza kumuua na usiadhibiwe. Kila mmoja alikuwa na hoja yake ya wakati huo. Na kila aliyefuata alipanda juu ya ngazi iliyokwisha kujengwa. Mwaka 121 KK akauawa Gaius, mdogo wake Tiberius, safari hii kwa azimio rasmi la Seneti. Mwaka 88 KK jemadari Sulla akaingia Roma na jeshi la Warumi wenyewe. Mwaka 82 KK akabandika hadharani orodha za watu wanaoruhusiwa kuuawa, mali zao zikataifishwa, na watoto wao wakazuiwa kugombea vyeo. Hebu fikiria kushindwa kisiasa kwenye mji wa namna hiyo.

Ndiyo maana Julius Caesar mwaka 49 KK alipoambiwa aache jeshi arudi mjini kama raia wa kawaida, hakusikia mwaliko wa kustaafu. Alijua akivua tu madaraka, mashtaka yanamsubiri. Akavuka mto Rubicon, mpaka ambao jemadari hakuruhusiwa kuuvuka na jeshi lake. Mwaka uliofuata, baada ya vita vya Pharsalus, inasimuliwa kwamba aliangalia maiti za wapinzani wake uwanjani akasema wamelitaka wenyewe, kwamba yeye pamoja na yote aliyoyatenda angehukumiwa kama asingeomba msaada wa jeshi lake. Simtetei Caesar. Nasema mfumo wowote ukishamfikisha mwanasiasa mkubwa, mwenye jeshi, mahali ambapo kushindwa na kuangamia ni kitu kimoja, tayari umeshakufa, kinachosubiriwa ni tarehe ya mazishi. Na hata mazishi hayakutangazwa: Augustus, mrithi wa Caesar, alipojikusanyia kila kitu mwaka 27 KK, alisema anairudisha jamhuri, na Seneti iliendelea kukaa vikao vyake kama kawaida.

Linganisheni na Marekani ya 1801. John Adams alishindwa na Thomas Jefferson baada ya kampeni chafu sana, na magazeti ya pande zote yalikuwa yameandika kwamba upande wa pili ukishinda nchi imekwisha. Adams alikasirika kiasi kwamba siku ya kuapishwa mwenzake, tarehe 4 Machi, aliondoka mjini kabla ya mapambazuko ili asihudhurie. Lakini aliondoka. Alikuwa na shamba la kurudia, na hakuna aliyemfuata. Aliishi hadi 1826, na miaka ya uzeeni wakawa wanaandikiana barua na Jefferson yuleyule.

Naendelea na bandiko la pili.

*

Nimeona michango. Kuna mdau ameandika kwamba habari za Warumi ni za kale mno, siku hizi hakuna marungu. Ni kweli mkuu, siku hizi inafanyika kwa karatasi, na kwangu mimi hiyo ndiyo hatari zaidi kwa sababu haina damu ya kukushtua.

Chukua Hungaria. Mwaka 2010 chama cha Viktor Orbán kilipata kura takriban asilimia 53, na kwa jinsi mfumo wao wa uchaguzi ulivyokuwa, zikakipa theluthi mbili ya viti. Ni ushindi halali kabisa, sina neno. Theluthi mbili ilitosha kubadili katiba, na katiba mpya ikaanza kutumika Januari 2012. Umri wa majaji kustaafu ukashushwa kutoka miaka 70 hadi 62, na mara moja nafasi nyingi zikawa wazi. Mahakama ya Ulaya ilikuja kusema hapana mwaka huohuo, lakini viti vilikuwa vimeshakaliwa. Sheria ya uchaguzi ikaandikwa upya. Uchaguzi wa 2014, kura zikiwa zimeshuka hadi karibu asilimia 45, viti vikatoka vilevile theluthi mbili: 133 kati ya 199. Mwaka 2018 wafanyabiashara walio karibu na serikali wakavitoa bure vyombo vya habari zaidi ya 400 viwe chini ya taasisi moja. Hakuna kifaru kilichoingia barabarani, hakuna gazeti lililochomwa moto. Ila anayeshindwa hapo hashindwi uchaguzi mmoja, anapoteza na uwanja wa kuchezea mechi ijayo.

Kwa mwananchi wa kawaida mfano unaoniuma zaidi ni wa Venezuela. Wapinzani wa Rais Hugo Chávez walikusanya saini za kudai kura ya kumwondoa, haki iliyokuwemo kwenye katiba yake mwenyewe ya 1999. Kura ikapigwa Agosti 2004, Chávez akashinda. Lakini majina ya waliosaini yalichapishwa na mbunge wa upande wa serikali kwenye intaneti, yakiwa na namba zao za vitambulisho, na orodha ile ikawa inatumika kuwanyima watu ajira na huduma za umma. Mtu anakwenda kuomba kazi, ofisa anaangalia jina lake kwenye kompyuta. Yule mwalimu wangu mstaafu wa usiku ule, huko angejiuliza mara mbili kabla ya kusaini chochote. Na mwaka huohuo Mahakama Kuu ya nchi ikaongezewa majaji kutoka 20 hadi 32. Upinzani ulipokuja kushinda viti 112 kati ya 167 vya bunge mwaka 2015, mahakama hiyo ndiyo iliyotumika kulipokonya bunge meno.

Naomba niseme jambo linalonikera. Wananchi wengi waliona. Hawakuwa vipofu. Waliona majaji wanaongezwa, wakanyamaza kwa sababu majaji wale wangekuwa wa kwetu. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Hakuna nchi ambayo ina uhaba wa watu wanaojua kukemea uvunjaji wa sheria unaofanywa na upande wa pili. Wachache sana ni wale wanaoukemea ukiwa unawanufaisha, na hao wanapopungua ndipo kila kitu kinaporomoka kwa kasi. Mwaka 1937 Rais Franklin Roosevelt alitaka kuongeza majaji kwenye Mahakama Kuu ya Marekani. Alikuwa ametoka kushinda majimbo 46 kati ya 48. Chama chake kilikuwa na wingi mkubwa mno kwenye Seneti. Mpango ulikufa mikononi mwa maseneta wa chama chake mwenyewe.

*

Mdau mwingine: "Mbona Ujerumani Hitler aliingia kwa kura? Hapo gharama ya kushindwa inahusikaje?"

Swali zuri, na kuna kosa dogo ndani yake ambalo watu wengi wanalirudia. Hitler hakuwahi kupata zaidi ya nusu ya kura kwenye uchaguzi huru. Julai 1932 chama chake kilipata asilimia 37.3, Novemba kikashuka hadi 33.1. Kilikuwa kinaanza kupungua pumzi. Aliyemwingiza ofisini tarehe 30 Januari 1933 ni Rais Hindenburg, kwa ushawishi wa wahafidhina waliodhani watamtumia halafu watamweka kando. Kwenye baraza la kwanza la mawaziri, Wanazi walikuwa watatu tu pamoja naye.

Kwa nini wahafidhina wale walicheza kamari hiyo? Walishindwa kuvumilia wazo la kushindwa na vyama vya wafanyakazi. Waliona afadhali wakabidhi nchi kwa mtu wanayemdharau kuliko kukaa upinzani. Na bunge lilikuwa limeshazoea kuwekwa pembeni. Tangu 1930 nchi iliendeshwa kwa amri za dharura chini ya kifungu cha 48 cha katiba, kwa hiyo bunge lilipofungwa kabisa tofauti ilionekana ndogo.

Someni habari za tarehe 23 Machi 1933, siku bunge lilipopigia kura sheria ya kuipa serikali ya Hitler mamlaka ya kutunga sheria bila bunge. Jengo la bunge lilikuwa limeungua, kikao kikafanyika kwenye ukumbi wa opera wa Kroll. Askari wa chama wamesimama ndani wamevaa sare, wanawazunguka wabunge. Wakomunisti wote wamezuiwa kuingia, wengine wako gerezani. Otto Wels wa chama cha Social Democrats akasimama kupinga, na wabunge wote 94 wa chama chake waliokuwepo wakapiga kura ya hapana. Waliosema ndiyo walikuwa 444. Ndani ya hao 444 kulikuwa na chama cha Kikatoliki cha Zentrum, ambacho kiliahidiwa barua yenye dhamana kwamba haki zake zitalindwa. Walipiga kura wakiisubiri hiyo barua. Haikuja. Mapema Julai chama hicho kikajivunja chenyewe, na tarehe 14 Julai vyama vingine vyote vikapigwa marufuku.

Ufini, katika miaka hiyohiyo, ilikuwa na vuguvugu lake la kulia lenye silaha. Mwaka 1932 waasi walikusanyika Mäntsälä wakitegemea Rais Svinhufvud, mhafidhina mwenzao, atawaelewa. Akaingia redioni akawaambia warudi nyumbani. Wakarudi.

*

Hili sasa ndilo lililonikosesha usingizi. Mdau kauliza: "Kwa hiyo unataka watawala wezi wapewe kinga ili waondoke kwa amani? Waliouawa na kuibiwa waende wapi?"

Mkuu, sina jibu lepesi na sitajifanya ninalo. Ukimshtaki kila anayeondoka, unamfundisha aliyeko asiondoke. Ukimsamehe kila anayeondoka, unamfundisha ajaye aibe kwa raha. Njia zote mbili zina maiti mwishoni.

Chile ilichagua kulipa polepole. Oktoba 1988 wananchi waliulizwa kama Jenerali Pinochet, dikteta wa kijeshi, aendelee, takriban asilimia 56 wakasema hapana, na Machi 1990 akaachia urais. Lakini alibaki mkuu wa jeshi hadi 1998, halafu akawa seneta wa maisha. Familia zilizopoteza watu zilimwona akitembea huru miaka yote hiyo. Ni dhuluma, na sitaki mtu aipake rangi. Lakini katika miaka hiyo taasisi zilipata nguvu, na baadaye mahakama za Chile ziliweza kumvua kinga ambayo mwaka 1990 hakuna ambaye angethubutu kuigusa.

Korea Kusini ilikwenda vingine. Mwaka 1996 marais wawili wa zamani, Chun Doo-hwan na Roh Tae-woo, walihukumiwa, Chun akipewa adhabu ya kifo iliyopunguzwa baadaye kuwa kifungo cha maisha. Desemba 1997 wakasamehewa. Aliyeridhia msamaha huo ni rais mteule Kim Dae-jung, ambaye mwaka 1980, chini ya Chun huyohuyo, alikuwa amehukumiwa kunyongwa. Mahakama kwanza, ukweli ukaandikwa na kusomwa hadharani, halafu rehema kutoka kwa aliyekosewa. Kwa maoni yangu mpangilio huo ni bora kuliko kinga inayotolewa gizani kabla ya kesi, kwa sababu aliyeko madarakani anajua atahesabiwa na anajua pia hatachinjwa.

*

Kuhusu umaskini, nitapita haraka. Watafiti waliochambua nchi za dunia kuanzia 1950 hadi 1990 hawakukuta demokrasia hata moja iliyoanguka ikiwa na kipato cha mtu kilichozidi cha Argentina ya 1975. Ina maana kubwa, ingawa Hungaria inaonyesha kwamba utajiri si chanjo. Mimi naisoma hivi: penye njia nyingi za kuishi nje ya serikali, aliyeshindwa ana pa kwenda. Penye mlango mmoja tu wa riziki, na mlango huo ni ikulu, uchaguzi unakuwa ugomvi wa chakula. Ndiyo maana mapato ya mafuta yanaweza kuiharibu siasa ya nchi ambayo kwenye makaratasi inaonekana tajiri.

Kuna aliyeuliza pia kama kinachooza kinaweza kurudi. Ndiyo, tena mara nyingi kuliko tunavyodhani. Waziri Mkuu Indira Gandhi alitangaza hali ya dharura India Juni 1975, siku 13 baada ya mahakama kumtia hatiani kwa makosa ya uchaguzi. Akafunga wapinzani, akabana magazeti. Machi 1977 akaitisha uchaguzi, akashindwa, hata jimbo lake mwenyewe likamkataa, akatoka. Mwaka 1980 wapiga kura walewale wakamrudisha. Kushindwa hakukuwa kaburi lake, na hilo liliisaidia India kuliko hotuba zote zilizotolewa miaka ile. Senegali nayo, Februari 2024, rais aliahirisha uchaguzi zikiwa zimebaki wiki tatu. Baraza la Katiba likasema ni batili, kura ikapigwa Machi 24, akashinda mtu aliyekuwa ametoka gerezani siku kumi tu kabla, na mgombea wa upande wa serikali akampongeza siku iliyofuata.

Namalizia na Seoul, Desemba 3, 2024. Rais Yoon Suk Yeol alitangaza sheria ya kijeshi karibu saa nne na nusu usiku. Wanajeshi wakashuka kwa helikopta kwenye viwanja vya bunge, wengine wakavunja madirisha. Spika, mzee wa miaka 67, aliruka uzio ili aingie ukumbini. Watumishi wa bunge walirundika viti na meza milangoni. Ilipofika saa saba usiku, wabunge 190 walikuwa wameshaingia, na wote 190 walipiga kura kuifuta amri. Kati yao, 18 walikuwa wa chama cha rais mwenyewe.

Mimi huwafikiria zaidi hao 18. Wale 172 walikuwa na kila sababu ya kupinga, amri ile iliwalenga wao. Hao 18 walikuwa wanaweza kubaki nyumbani wakasema barabara zilifungwa, na hakuna ambaye angewalaumu.

Kama kuna mdau mwenye mfano unaoipinga hoja yangu, demokrasia iliyooza ilhali walioshindwa walikuwa salama kabisa, aushushe hapa. Nimeutafuta kwa dhati, na nitausoma kwa makini.